Shajara ya mradi: vitenzi viwili juu ya kamba moja

11 Februari 2025

Mradi umezaliwa na sentensi moja. Mwanafunzi wangu wa darasa la jioni, dereva wa bodaboda, aliandika kwenye daftari habari ya safari ya Msangamkuu, ng'ambo ya maji kutoka Mtwara mjini: "Yesterday I went and came back Msangamkuu." Nikapiga mstari mwekundu, nikapachika "to" na "from" kwa juu, nikavuta daftari jingine. Kosa lilelile. La tatu, lilelile. Nilipofika la tisa nikaweka kalamu chini. Watu hawakosei kwa namna moja hivi kwa sababu ya uzembe.

Nikawauliza. "Si nilienda na kurudi Msangamkuu, mwalimu? Kwani hapo kuna kosa gani?"

Kwa Kiswahili hakuna. Tunasema naenda sokoni, natoka sokoni, nipo sokoni, na hilo neno sokoni halibadiliki hata herufi. Kujua kama mtu anakwenda au anatoka ni kazi ya kitenzi. Mwingereza kazi hiyo kaipa kineno cha pembeni: "to the market", "from the market", "at the market". Ndiyo maana sisi tukivifunga vitenzi viwili kwa "na" na kuvipa mahali pamoja, hatudaiwi kitu. Yeye akivifunga, kila kitenzi kinakuja na deni lake: "I went to and came back from Msangamkuu."

Nataka kutengeneza kifaa cha kufundishia jambo hili moja tu: Kiingereza kinavyounganisha vitenzi viwili vikiwa na kirai kihusishi kimoja nyuma yao, yaani kihusishi (vile vineno "to", "from", "at") pamoja na nomino yake. Darasa lina watu 14, tunakaa barazani Magomeni, Mtwara mjini. Bajeti isizidi shilingi 100,000. Naandika kila hatua ili anayetaka kuiga asilipie makosa ambayo nimeshayalipia mimi.

20 Februari: jedwali, limeshindwa

Nilinunua manila na maka peni, nikachora jedwali la vitenzi 60, kila kimoja na kihusishi chake: "look at", "look for", "listen to", "wait for", "depend on", na kadhalika. Wakalikariri kama hesabu za kuzidisha. Siku ya tatu ukimwita mtu yeyote anakutiririshia yote bila kupumua.

Kisha nikawapa sentensi: Tulimngoja na kumsikiliza mgeni. Kumi na mmoja waliandika: "We waited and listened to the guest."

Hapa ndipo nilipoanza kuuheshimu ugonjwa huu. Sentensi ile haina kosa. Mwingereza ataisoma bila kukunja uso. Ila hakusoma tulichotaka kusema. Atakachoelewa ni kwamba tulingoja, ngoja tu, labda basi, labda mvua ikatike, kisha tukamsikiliza mgeni. Kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyengojwa, hiyo imepotea njiani, kwa sababu "waited" imeachwa bila "for" yake. Ilipaswa kuwa "waited for and listened to the guest".

Kwa hiyo kukariri hakusaidii. Wanakijua kihusishi, lakini "and" ikishaingia katikati wanadhani cha mwisho kinawatosha wote wawili. Gharama: 3,000, imekwenda na maji.

6 Machi: kamba na vibanio

Ramadhani imeanza, darasa limehamia baada ya tarawehe.

Nimefunga kamba ya kuanikia kutoka nguzo ya baraza hadi nondo ya dirisha. Kamba 1,500. Vibanio vya nguo dazeni mbili, 4,000. Manila kumi za kukata kadi, 5,000. Vitenzi vimeandikwa kwenye kadi nyeupe kubwa, vihusishi kwenye kadi za njano ndogo, "and" kwenye kadi ya bluu. Sentensi inaanikwa kama nguo.

Kipimo ni hiki. Anika sentensi nzima. Ng'oa kitenzi cha kwanza na kihusishi chake pamoja na kadi ya bluu, soma kilichobaki. Rudisha. Ng'oa kitenzi cha pili na chake, tena pamoja na kadi ya bluu, soma tena; kihusishi ambacho vitenzi vyote viwili vinakitegemea kinabaki kambani. Sentensi ikichechemea upande wowote, au ikisema kitu ambacho hukukusudia, kuna kadi ya njano imekosekana. Darasa limekiita "kipimo cha kuanua". Jina wamelitoa wao.

Kwa dakika arobaini tukapata mambo matatu ambayo jedwali halikuyatoa kwa wiki mbili. Vitenzi vyote viwili vikitaka kihusishi kilekile, kimoja mwishoni kinatosha: "We waited and prayed for rain." Vikitofautiana, kila kimoja kibaki na chake: "We looked at and listened to the guest." Na kimoja kikiwa hakitaki kihusishi kabisa, kisibandikwe cha kuazima: "She visited and wrote about Kilwa." Huyu wa mwisho aliwasumbua sana, kwani waliona "visited" imekaa uchi wakataka kuivisha.

Tatizo la siku lilikuwa upepo. Kadi zinageuka nyuma katikati ya sentensi, na unyevu wa bahari umeanza kuzikunja kabla hata wiki haijaisha. Tumezipaka soltepu pana pande zote mbili, 2,500, sasa zimekuwa ngumu. Umeme ulikatika mara mbili. Tochi za simu zinatosha, ilimradi mtu asiimulike kadi yenye soltepu moja kwa moja, inameta na hakuna anayesoma.

18 Machi: bibi na wajukuu

Mama mmoja wa darasani, anayeuza ming'oko, alikuja na sentensi yake mwenyewe. Mama yangu huwaombea na kuwapikia wajukuu wake. Akaianika taratibu, kadi moja moja, akarudi nyuma kuitazama:

"My mother prays for and cooks her grandchildren."

Nikasema tupime. Akang'oa "prays for and". Ikabaki: "My mother cooks her grandchildren." Kimya kidogo, kisha karani wa bandarini akaangua kicheko, na baraza zima likafuata. Mama mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. "Yaa Rabi, nimemfanya mama mchawi!"

Baada ya kicheko likaja swali zuri kuliko yote ya mradi huu. "Mwalimu, sasa ile 'i' yetu ya kupikia imekwenda wapi?"

Kweli. Kupika na kupikia. Sisi kihusishi tumekimeza, kimo tumboni mwa kitenzi, ni irabu moja tu. Mwingereza hakukimeza, kinatembea nje kwa miguu yake kikiitwa "for". Anayefikiri kwa Kiswahili anaona kitenzi kimekamilika, kwa sababu kwake kilishakamilika. Kumbe akivuka kwenda Kiingereza, kile cha tumboni kinabaki ng'ambo.

Nikafurahi mno, na furaha ikaniponza. Usiku uleule niliandika nyuma ya kila kadi ya "for": -ia, -ea. Kesho yake jioni darasa likanipindua. Kumwandikia mtu ni "write to". Kukalia kiti ni "sit on". Kukimbilia msikitini ni "run to". Kufia baharini ni "die at sea". Kauli yetu ya kutendea ina milango mingi na kila mlango unatokea kwenye kihusishi tofauti. Nikafuta nyuma za kadi zote. Kilichobaki ni onyo tu: ukiona kitenzi chako cha Kiswahili kina -ia au -ea, simama, uliza kilichomo tumboni kitatoka na jina gani.

Kuhusu sentensi ya mama, marekebisho ni mawili. La kwanza: "My mother prays for and cooks for her grandchildren", au "prays and cooks for", kwa kuwa kihusishi ni kimoja. La pili ndilo ninalolipenda: "My mother cooks for her grandchildren and prays for them." Kitenzi cha kwanza kinapewa nomino, cha pili kinapewa kiwakilishi, na hakuna kihusishi kinachoning'inia hewani kikisubiri. Mtu anayesema na mgeni ana kwa ana, njia hii humtosha. Ile ya vihusishi viwili vilivyobanana, "look at and listen to", ni ya magazeti na mikataba zaidi. Lazima waitambue wakiisoma, ila sioni haja ya kumlazimisha dereva wa bodaboda aitamke barabarani.

10 Aprili: kosa langu mwenyewe, nakala 20

Mvua za mwisho mwisho. Nimechapa kijitabu cha kurasa 16, nakala 20, kwa shilingi 70 ukurasa baada ya kubembeleza: 22,400.

Kwenye ukurasa wa tisa nilitaka mfano wa hapahapa. Nikaandika habari ya korosho bandarini: "Bags are loaded and unloaded from ships."

Karani wa bandarini alisoma, akainua mkono kwa adabu kabisa. "Mwalimu, samahani. Kwetu mzigo haupakiwi from meli." Akaenda kwenye kamba bila kuitwa, akaianika, akang'oa "and unloaded". Ikabaki: "Bags are loaded from ships." Hakuongeza neno.

Ni kosa lilelile la Februari, safari hii limetoka kwenye kalamu ya mwalimu. Kupakia na kupakua ni ndugu, neno moja limepinduliwa, na "loaded" na "unloaded" vilevile ni ndugu, kwa hiyo macho yangu yalidhani ndugu hula sahani moja. Hawali. Kinachopakiwa kinakwenda "onto", kinachopakuliwa kinatoka "from". "Bags are loaded onto and unloaded from ships."

Kuchapa upya sikuweza. Tumekata vipande vya karatasi vyenye sentensi sahihi na kuvibandika juu ya ile mbovu, nakala zote 20, jioni moja. Gundi 2,000. Anayeiga mradi huu: maneno ya kinyume ndiyo hatari zaidi. Kuja na kuondoka, kukopa na kukopesha, kuingia na kutoka. Yanafanana kwetu, kisha Kiingereza kinayapa vihusishi vinavyotazamana migongo. Unakopa "from" mtu, unamkopesha "to" mtu, na anayeandika "borrow and lend to friends" amejikuta anakopa kwenda badala ya kukopa kutoka.

15 Mei: kibao

Hili sikulipanga. Mwenye gesti mmoja alitaka kibao cha Kiingereza kwenye ukuta mfupi wa baraza yake: watu wasiukalie wala kuuegemea. Mmoja wa wanafunzi wangu akapewa kazi, akanitumia maneno kwenye simu wakati niko sokoni, nikajibu "sawa" bila kuyaanika kichwani. Fundi akapaka rangi:

DO NOT SIT AND LEAN ON THE WALL

Baada ya siku nne mwenye gesti akapiga simu. Mgeni wake amemwuliza, kwa utani au kwa kweli, kama kukaa bila kuegemea kunaruhusiwa.

Kwa nini? Sisi tuna "wala", inakanusha kila upande peke yake. Mwanafunzi hakuiona "wala" kwenye kadi zangu kwa sababu sikuiweka, akatumia "and". Kiingereza baada ya "not" kikipewa "and" kinaweza kuelewa kwamba kilichokatazwa ni kufanya yote mawili kwa pamoja. Kinachohitajika hapo ni "or". Halafu kuna kihusishi: ukuta unaukalia "on", na "lean on" si kosa, ila kwa ukuta "lean against" ndiyo imezoeleka zaidi. Kwa hiyo kibao kimoja, kosa moja na neno moja la kuboresha.

DO NOT SIT ON OR LEAN AGAINST THE WALL

Fundi alidai 15,000 kupaka upya. Nimelipa mimi, aliyesema "sawa" ni mimi. Tangu leo kamba ina kadi nyekundu ya "or", na yeyote anayeanika "not" lazima aitazame kwanza. "Nor" nimeiacha pembeni, inakaa na "neither" na tutafika huko tukifika.

12 Juni: pantoni, kipimo kimevunjika

Waliohudhuria ni saba. Wengine wako mashambani, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho umefika, siwalaumu.

Nilitaka tumalize na safari ya Msangamkuu tuliyoanzia. Watu wanapanda na kushuka pantoni. Tukatafuta kadi mbili za vitenzi, na hapo kamba ikakwama, kwani Kiingereza cha kila siku hakitaki viwili. Kinasema "get on and off the ferry". Kitenzi ni kimoja, kilichounganishwa na "and" ni hivyo vineno. Sisi mwelekeo tunauweka ndani ya kitenzi, panda, shuka, ingia, toka. Wao wana kitenzi kimoja kivivu, "get" au "go", na mwelekeo wote umebebwa na "on", "off", "in", "out". Nimewaambia wasiogope: hesabu ya vitenzi si lazima ilingane pande zote mbili.

Pia kipimo cha kuanua kimepata kasoro yake ya kwanza, na naiandika wazi. "Children go in and out of the shop" ni Kiingereza safi, kila mtu husema hivyo. Anua "and out". Inabaki "go in of the shop", ambayo haipo. "Go into and out of the shop" inapita kwenye kipimo, lakini ni rasmi zaidi. Kwa hiyo misemo iliyozoeleka ya namna hii inajifunzwa nzima nzima, haipimwi. Nimeitengea kadi moja ya kijani.

8 Julai: Tendaguru

Kijana mmoja wa darasani kwao ni Lindi na anataka kuongoza wageni. Akaleta aya aliyoiandika kuhusu mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kilima cha huko Lindi. Sentensi yake ya kwanza: "The bones were dug up and studied by German scientists."

Vitenzi viwili, kirai kimoja, "by" moja mwishoni. Kihusishi ni kilekile kwa vyote viwili, sarufi haina dosari. Nilikuwa tayari kuweka tiki. Lakini wameshazoea, hawaulizi tena. Mmoja akang'oa "and studied".

"The bones were dug up by German scientists."

"Walichimba wao?" akauliza mama wa ming'oko.

Hawakuchimba wao peke yao, na karibu majembe yote hayakuwa mikononi mwao. Msafara wa Kijerumani wa mwaka 1909 hadi 1913 ulianza chini ya uongozi wa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini waliochimba ni mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na waliobeba ni wapagazi, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka hivyo, na mifupa ya mmoja wa wanyama wakubwa waliochimbwa huko imesimamishwa leo kwenye jumba la makumbusho Berlin. Wajerumani waliichunguza. Kirai kimoja cha "by" kilichowekwa mwishoni kimewapa na uchimbaji pia, kimya kimya, bila mtu kusema uongo hata kidogo.

Tulikaa na sentensi hii jioni nzima. Kwanza wakajaribu kila kitenzi na "by" yake: "dug up by local workers and studied by German scientists". Imepita. Kisha safari yenyewe: "dug up at and carried from Tendaguru". Imepita kipimo, lakini kijana akasema ulimi unamkwama hapo kwenye "at and". Akaivunja mwenyewe: "The bones were dug up at Tendaguru by local workers, who carried them from there to Lindi." Karani akapinga: una hakika waliochimba ndio walewale waliobeba? Hakuwa na hakika. Ikawa: "dug up at Tendaguru by local workers and carried from there to Lindi by porters."

"From there" ni ile "huko" yetu. Hakuna aliyefundishwa, ameifikia kwa kuanika na kuanua.

Nakala za aya kwa darasa zima, 1,400.

19 Agosti

Hesabu. Jedwali 3,000, kamba 1,500, vibanio 4,000, manila za kadi 5,000, soltepu 2,500, vijitabu 22,400, gundi 2,000, kibao 15,000, nakala za Tendaguru 1,400. Jumla 56,800, na kati ya hizo 20,000 ni za makosa yangu: jedwali, gundi na kibao.

Vibanio vitano vimevunjika, chemchemi zinaota kutu kwa hewa ya bahari. Nunua vya mbao, vya plastiki vinapasuka juani. Kadi ya "to" imepotea mara tatu, sasa natengeneza nne kwa mkupuo.

Juzi dereva wa bodaboda, yule wa sentensi ya kwanza, amenitumia ujumbe kwa Kiingereza kueleza kwa nini hakuja darasani: "I went to and came back from Msangamkuu two times." Chini yake akaongeza kwa Kiswahili kwamba abiria alisahau simu upande wa pili.